CHACHU YAFUNDISHWA KUTOA RANGI YA MAWESE

Viwanda vya ng'ambo vinatafuta kitu ambacho mama wa Titye anacho chunguni mwake. Je, tuogope au tufurahi?

Katika nyumba nyingi za Titye, na katika milima yote ya Kasulu na Kibondo, maharage yasiyoungwa kwa mawese hayahesabiwi kuwa mboga. Mafuta hayo hayatoki huku juu. Mchikichi ni mti wa joto. Hupenda bonde la Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake yako kiasi cha meta 770 juu ya usawa wa bahari, wala haufurahii baridi ya milimani. Kwa hiyo mawese hupandishwa kutoka bondeni yakiwa katika madumu, na sokoni huuzwa kwa chupa au kwa kipimo kidogo. Mama hununua, huunga, watoto hula na kushiba, na ni mara chache mtu akajiuliza wekundu ule ni kitu gani.

Huko ng'ambo wanajiuliza sana. Wekundu ule una jina lake, una bei yake, na wapo wataalamu ambao wametumia miaka mingi wakitafuta njia ya kuupata bila mchikichi, bila karoti na bila shamba. Njia mojawapo waliyoipata ni ya ajabu kidogo: wameichukua chachu, kile kile kinachoumua mikate na kuchachusha pombe, wakaifundisha kutoa rangi hiyo ndani ya mapipa ya kiwandani.

Habari hii yatuhusu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni macho na uzima wa watoto wetu. Ya pili ni shamba la mkulima. Tuzitazame zote mbili kwa utulivu.

RANGI YENYEWE NI KITU GANI?

Mwaka 1831 mtaalamu wa Ujerumani aitwaye Heinrich Wackenroder alipata kitu chenye rangi ya machungwa ndani ya karoti, akakiita karotini. Baadaye wataalamu waligundua kwamba karotini ina ndugu wengi sana. Wekundu wa nyanya ni ndugu yake. Umanjano wa mahindi ya njano, wa papai bivu, wa boga na wa embe ni ndugu zake pia. Ukoo huu mzima huitwa karotenoidi.

Majani mabichi nayo yana karotini nyingi, ila haionekani, maana kijani cha majani huifunika. Ndiyo maana mchicha na kisamvu, ambacho wengi Kigoma hukiita sombe, vina faida ile ile ingawa havina wekundu wowote.

Mimea hutengeneza rangi hizi. Bakteria wengine na kuvu wengine huzitengeneza pia. Lakini wanyama, karibu wote, hawawezi, sharti wazile. Heroe wa Ziwa Natron wanapata uwaridi wa manyoya yao kutokana na viumbe vidogo vya majini wanavyovila. Kuku wa kienyeji anayedonoa majani hutaga yai lenye kiini cha njano iliyokolea, na kuku aliyefungiwa ndani na kulishwa chakula kisicho na rangi hutaga yai lenye kiini kilichopauka.

Katika mimea inayoliwa na watu, ni michache inayoshindana na chikichi. Kilo moja ya mawese mekundu huwa na kiasi cha miligramu 500 hadi 700 za karotenoidi. Hii ni mara kadhaa kuliko karoti za uzito ule ule. Lakini jambo hili lifahamike vema: rangi imo katika nyama ya chikichi, haimo katika kokwa. Mafuta ya mise hayana wekundu, wala hayana faida hiyo.

MWILI UNAITAKIA NINI?

Mwaka 1929 Mwingereza Thomas Moore alionyesha, kwa kuwalisha panya, kwamba karotini hugeuka kuwa vitamini A ndani ya mwili. Mtu akila karotini, mwili wake huikata katikati ikawa vitamini A. Na bila vitamini A jicho haliwezi kuona katika giza dogo. Mtoto anayeipungukiwa huanza kwa kujikwaa jua linapotua. Wenzake wanacheza bado, yeye anapapasa ukuta akitafuta mlango. Wazazi wengine hudhani ni uzembe, ama husema amerogwa. Sivyo. Ni njaa ya kitu kimoja kidogo. Kama hakutunzwa, jicho hukauka, kioo chake huharibika, na upofu wa namna hiyo hauponi tena.

Jicho ndilo linaloonekana, lakini hasara haiishii hapo. Mwaka 1986 daktari Mmarekani Alfred Sommer na wenzake walitangaza matokeo ya kazi yao katika vijiji vya Aceh, huko Indonesia. Katika vijiji vilivyopewa vitamini A, vifo vya watoto vilikuwa pungufu kwa asilimia 34 kuliko katika vijiji ambavyo havijapewa. Watu wengi hawakuamini.

Kisha likaja jaribio la hapa kwetu Tanzania, katika hospitali ya Mvumi, mkoani Dodoma. Watoto 180 waliolazwa kwa surua waligawanywa katika mafungu mawili. Fungu moja la watoto 88 lilipewa vitamini A. Katika hao walikufa 6. Fungu jingine la watoto 92 halikupewa. Katika hao walikufa 12. Habari hizo zilitangazwa mwaka 1987. Watoto walikuwa wachache, na wataalamu hawakutaka kuharakisha kusema. Lakini mwaka ule ule Shirika la Afya la Dunia na UNICEF yalishauri kwamba, katika nchi ambazo upungufu huu ni tatizo, watoto wenye surua wapewe vitamini A, na majaribio yaliyofuata katika nchi nyingine yaliutia nguvu ushauri huo. Watoto wengi duniani wanaona leo kwa sababu ya kazi iliyofanywa Mvumi na mahali kama Mvumi.

Je, tatizo lilikwisha? Hapana. Uchunguzi wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2010 ulionyesha kwamba kiasi cha theluthi moja ya watoto wadogo walikuwa wamepungukiwa na vitamini A. Ndiyo sababu watoto wa miezi 6 hadi 59 huitwa mara mbili kwa mwaka wapewe matone ya vitamini hiyo. Mama asiyempeleka mtoto wake siku hiyo kwa kuwa ana kazi shambani amepoteza zaidi ya alichopata shambani.

VIWANDA VINAITAKIA NINI?

Viwanda vina haja zao. Margarini kwa asili ni nyeupe kama mafuta ya mgando. Umanjano wake hutiwa. Soda ya machungwa, peremende, jibini, tambi, vidonge vya dawa, vyote hupakwa ama hutiwa rangi ili vivutie macho. Wafugaji wa kuku huitia katika chakula ili kiini cha yai kiwe cha njano. Wafugaji wa samaki wa Ulaya wana samaki aitwaye salmoni, ambaye baharini ana nyama nyekundu kwa sababu ya vijidudu anavyovila. Akifugwa katika kizimba nyama yake hupauka, na wanunuzi hawamtaki. Basi hulishwa ndugu mmoja wa karotini aitwaye astaksanthini ili nyama irudie rangi yake.

Zamani rangi hizi zilitolewa katika mimea tu. Mwaka 1954 kampuni ya Hoffmann-La Roche ya Uswisi ilianza kuuza karotini iliyotengenezwa kwa kemia, bila mmea wowote, na tangu hapo sehemu kubwa ya rangi hizi imetoka katika viwanda vya kemikali. Lakini wanunuzi wengi wa siku hizi wanataka rangi iliyotoka katika kitu chenye uhai. Wengine wakageukia kuvu, wengine mwani wa maziwa ya chumvi, na wengine wakaitazama chachu.

CHACHU INAVYOFUNDISHWA

Watu wa milimani wanaijua kazi ya chachu kabla ya kuyajua maabara. Ndizi huivishwa, hukamuliwa, juisi hutiwa unga wa mtama, na baada ya siku chache imechachuka. Hakuna aliyekwenda dukani kununua hamira. Chachu ilikuja na ule unga na ile ndizi, maana yenyewe ni kiumbe hai kidogo mno kisichoonekana kwa macho. Mfaransa Louis Pasteur ndiye aliyeonyesha, katika miaka baada ya 1857, kwamba kuchachuka ni kazi ya viumbe hai hao. Hula sukari, hutoa kileo na hewa ile inayoumua mkate.

Kila kiumbe hai kina maagizo yake ya urithi, ambayo wataalamu huyaita jeni. Ni kama jinsi fundi anavyorithi kazi kwa baba yake: hili fanya hivi, lile fanya vile. Chachu ya mkate ina jeni kiasi cha 6,000, na mwaka 1996 wataalamu wa nchi nyingi walimaliza kuyasoma maagizo yake yote. Katika hayo yote hamna agizo la kutengeneza karotini.

Lakini chachu iko karibu kufika. Fikirini mtoto anayetunga shanga. Chachu hutengeneza shanga ndogo, na kila ushanga una atomu 5 za kaboni. Hutunga shanga tatu, ikapata uzi wa 15. Huunganisha nyuzi mbili za namna hiyo, ikapata 30, na kwa kitu hicho hujijengea utando wa mwili wake. Karotini inataka zaidi kidogo: shanga nne badala ya tatu, yaani 20, kisha nyuzi mbili ziunganishwe zipatikane 40. Uzi huo mrefu kwanza hauna rangi yoyote. Ukipunguzwa haidrojeni yake hatua kwa hatua, unageuka mwekundu kama nyanya. Ncha zake mbili zikikunjwa kuwa vipete, unakuwa karotini yenye rangi ya machungwa, ile ile iliyomo katika mawese.

Basi kinachopungua ni maagizo machache tu. Mafundi wa Japani, katika kampuni ya bia iitwayo Kirin, waliyatafuta kwa bakteria mmoja mdogo wa njano anayekaa juu ya mimea. Walichukua jeni zake, wakazitia katika chachu, na mwaka 1994 walitangaza kwamba chachu yao imetoa karotini. Ilikuwa kidogo, lakini njia ilikuwa imefunguliwa. Mwaka 2007 wataalamu wa Uholanzi walitumia jeni za chachu nyingine, nyekundu kwa asili yake, wakapata karotini nyingi zaidi. Chachu iliyofundishwa hivyo huonekana kwa macho: mahali pa madoa meupe, yanaota madoa ya rangi ya machungwa.

Ile chachu nyekundu nayo ina hadithi yake. Herman Phaff na wenzake waliiokota katika utomvu wa miti huko Japani na Alaska, miaka ya mwisho ya 1960. Ilikaa tu kama kitu cha kustaajabisha hadi mwaka 1976, ilipojulikana kwamba wekundu wake ni astaksanthini, rangi ile ile ya samaki salmoni. Hii haikuhitaji kufundishwa na mtu.

Mtu atauliza: Je, kumpa kiumbe mmoja maagizo ya mwingine si jambo geni kabisa? Kwa mkono wa mwanadamu ni geni. Lakini mwaka 2010 wataalamu wa Marekani waligundua jambo la kuchekesha juu ya vidukari, wale wadudu wadogo wanaonyonya majani ya kunde na mbaazi. Vidukari hujitengenezea karotenoidi wenyewe, jambo ambalo wanyama hawaliwezi. Ilionekana kwamba zamani sana mababu zao walipata jeni hizo kutoka kwa kuvu.

KAZI HAIJAWA RAHISI

Msomaji asidhani kwamba ukitia jeni tatu au nne umekwisha kutajirika. Chachu haina haja ya karotini. Kuilazimisha kutengeneza kitu isichokihitaji ni kama kumwambia mtu anayejenga nyumba yake asimame kila siku kujenga ya jirani. Hudhoofika, hukua polepole, na wakati mwingine huacha kazi hiyo ikarudia ukoo wake wa zamani.

Tena karotini haichanganyikani na maji. Hukwama ndani ya mwili wa chachu, na chachu ya mkate haina mafuta mengi ya kuihifadhi. Kwa sababu hiyo wataalamu wengine wamechagua chachu nyingine iitwayo Yarrowia lipolytica, ambayo hujaza mafuta mwilini. Karotini hukaa humo kama inavyokaa katika mawese. Hata hivyo ni lazima kuzipasua chachu, kuitoa rangi, kuisafisha, na kuilinda na mwanga na hewa. Tena chachu hula sukari, na sukari hununuliwa. Umeme wa kuendesha mapipa hununuliwa. Mwishoni swali ni moja tu, lile la kila sokoni: bei gani?

MKULIMA AFANYEJE?

Wazee wa Kasulu na Kibondo wana sababu ya kuuliza swali hili. Wengi wao, ama baba zao, walichukuliwa kama manamba kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge, na ilikuwa ya kwanza duniani. Kisha zikaja kamba za nailoni na plastiki kutoka viwandani. Bei ikaanguka, mashamba mengi yakafa, na kazi zikapotea. Hakuna aliyewauliza manamba kwanza.

Lakini uko mfano mwingine ulio karibu zaidi, maana ni wa chachu yenyewe. Dawa ya malaria iitwayo artemisinini hutolewa katika mmea wa artemisia, ndugu wa pakanga. Miaka ya 2000 wakulima wa Kenya, Tanzania na Uganda walianza kuupanda. Mwaka 2006 Jay Keasling na wenzake huko Marekani walitangaza kwamba wamefundisha chachu kutengeneza asidi inayogeuzwa kuwa dawa hiyo. Nayo huanzia katika shanga zile zile tulizozitaja. Mwaka 2013 kampuni ya Sanofi ya Ufaransa ilianza kuitumia njia hiyo katika kiwanda chake cha Garessio, Italia. Watu wengi walisema kwamba wakulima wamekwisha.

Haikuwa hivyo. Artemisia ilikuwa imelimwa kwa wingi, bei yake ikashuka chini ya gharama ya chachu. Mwaka 2015 kiwanda hakikutoa dawa hiyo kabisa, na baadaye kiliuzwa. Wakulima nao waliumia kwa bei ile ndogo, lakini ni wao waliobaki sokoni. Basi kiwanda hakimshindi mkulima kila mara, wala mkulima hakishindi kiwanda kila mara. Yategemea gharama, na yategemea mkulima anauza nini.

Anayeuza rangi peke yake ndiye aliye hatarini zaidi. Kule Kwale, pwani ya Kenya, wakulima hupanda mrangi. Mbegu zake hutoa biksini, rangi ya ukoo huu huu wa karotenoidi, ambayo hutiwa katika jibini na margarini. Hao wana haja ya kuzifuatilia sana habari za chachu.

Mkulima wa michikichi wa Kigoma hali yake ni nyingine. Yeye haiuzi rangi. Anauza mafuta ya kupikia, na chachu ya karotini haimletei mshindani katika hayo. Tanzania bado hununua mafuta mengi kutoka nje. Kwa sababu hiyo mwaka 2018 Serikali iliianza upya kampeni ya kufufua michikichi mkoani Kigoma, na kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kikapewa kazi ya kuzalisha mbegu bora.

Adui wa rangi ya mawese yuko mahali pengine. Katika viwanda vikubwa vya kusafisha mafuta, mawese huchujwa kwa udongo maalumu na kupashwa moto mkali hadi yawe meupe na yasiwe na harufu. Karotini yote huharibika humo. Kisha, kwa kuwa mafuta hayo sasa hayana kitu, kanuni za Tanzania za mwaka 2011 zinataka yatiwe vitamini A tena kabla ya kuuzwa. Kanuni hizo ni njema, maana watu wengi hutumia mafuta hayo. Lakini tazameni safari yenyewe: rangi inaondolewa kwa gharama, vitamini inanunuliwa na kurudishwa kwa gharama, na katika maabara nyingine wataalamu wanataabika kuifundisha chachu itoe kile kilichounguzwa.

JE, RANGI YA CHACHU INA MADHARA?

Karotini ni karotini, itoke katika chachu, katika karoti au katika chikichi. Ukiipima peke yake huioni tofauti. Wakaguzi wa chakula hutazama zaidi kama imesafishwa vizuri na kama masalio ya chachu yameondolewa.

Hatari iliyo dhahiri zaidi ni ya wingi. Mwaka 1994 wataalamu wa Finland walitangaza matokeo ya jaribio la wanaume 29,133 wavuta sigara. Wengine walipewa vidonge vya karotini, miligramu 20 kila siku, kwa matumaini kwamba vitawakinga na kansa ya mapafu. Ikawa kinyume: waliopewa karotini waliugua kansa hiyo kwa asilimia 18 zaidi. Boga halijamdhuru mtu hivyo. Kwa hiyo anayekuja kijijini na vidonge vya rangi akisema vinaponya kila ugonjwa, hasa kwa mvuta sigara, asisikilizwe.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Akina mama na akina baba, yafuatayo hayahitaji maabara wala fedha nyingi.

Kwanza, msiunguze mawese. Wako wapishi wanaoyachoma katika sufuria hadi wekundu utoke na moshi upande, kwa kuwa wanapenda mafuta meupe. Wekundu ukitoka, vitamini imetoka. Afadhali kuyatia mwishoni, mboga ikiwa imeiva, yapate moto wa kiasi tu.

Pili, yahifadhini katika chombo kilichofunikwa, mahali pasipo na jua. Chupa inayokaa mezani sokoni kutwa nzima katika jua inapoteza uzuri wake. Ukiweza kuchagua, nunua iliyokaa kivulini.

Tatu, jihadharini na wekundu wa udanganyifu. Mwaka 2015 wakaguzi wa Ghana walikuta mawese yaliyotiwa Sudan IV, rangi ya viwandani isiyofaa kuliwa, ili yaonekane mekundu zaidi. Mnunulieni mtu mnayemfahamu. Nanyi wauzaji, jina jema la mawese ya Kigoma ni mali yenu wenyewe, msilichafue.

Nne, msiyamimine kama maji. Kiasi cha nusu ya mawese ni mafuta ya namna ile inayoganda, na mtu mzima akizidisha si vema kwa moyo wake. Kijiko kimoja au viwili vidogo katika chakula cha mtoto vinaweza kumpatia sehemu kubwa ya vitamini A ya siku. Tena karotini ya majani huingia mwilini vizuri ikiwa pamoja na mafuta. Kisamvu kilichoungwa kwa mawese ni chakula cha hekima, na bibi zetu walikipika hivyo kabla jina la vitamini halijatungwa.

Tano, pandeni vyenye rangi karibu na nyumba. Mpapai mmoja, maboga pembeni mwa shamba, na viazi lishe, vile vitamu vyenye nyama ya rangi ya machungwa. Mwaka 2016 Mganda Robert Mwanga alikuwa miongoni mwa watu wanne waliopewa Tuzo ya Chakula ya Dunia kwa kazi ya mazao yenye lishe, na kazi yake yeye ilikuwa hiyo ya viazi. Huyu hakuifundisha chachu. Alizalisha viazi kwa njia ya wakulima, akichagua mbegu hadi mbegu, na faida yake yaweza kuingia katika shamba la mtu yeyote mwenye jembe.

Sita, mtoto akipatwa na surua, au akianza kujikwaa jioni, mpelekeni zahanati bila kungoja. Chakula kizuri hukinga. Lakini aliyekwisha kupungukiwa anahitaji dawa yenye kipimo, na macho hayangoji wiki mbili.

Huenda siku moja soda anayokunywa mtoto wetu mjini itakuwa na rangi iliyotolewa na chachu katika pipa. Hilo si baya, na waliofanya kazi hiyo wanastahili heshima kwa akili yao. Lakini rangi ya soda hupendeza macho tu, na ile ya mawese huyafanya macho yaone. Mama wa Titye asiyechoma mafuta yake mpaka yawe meupe anaihifadhi kwa mwiko wake vitamini ambayo wengine wanaitafuta kwa mashine.